Nyota za Pembeni

Chamwino, Dodoma
Jumapili, 7 Septemba 2025

Mpendwa dada yangu Frida,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kigoma, wewe na wenzako wote wa pale ofisini bandarini. Habari za ziwa? Kile kikohozi cha mwezi wa saba kimekwisha, au bado unakibembeleza kwa tangawizi kwa sababu ya woga wako wa sindano? Sisi huku tunaendelea. Mama hajambo. Miguu inamsumbua asubuhi, ikifika saa nne anaisahau na kwenda kugombana na mbuzi. Uwele tulipata magunia sita, si haba kwa mvua zile za kubahatisha. Upepo wa mwezi huu unaujua mwenyewe, vumbi limeingia hadi kwenye chumvi. Mama anakusalimu kwa Kigogo, mbukwenyi, na anauliza kama huko mlenda unapatikana au unakula dagaa tu mpaka uote mapezi.

Najua utashangaa kupokea barua ya karatasi wakati kila Jumapili tunaongea kwenye simu. Dada, kwenye simu nimekuwa nikikudanganya. Nikisikia kicheko chako ulimi wangu unakwenda wenyewe kwenye maneno mazuri, mtoto mzima, mtoto anasoma, mtoto anarefuka. Jumapili mbili zilizopita uliomba kuongea na Hana nikakwambia yuko kwaya. Hakuwa kwaya, alikuwa amekaa hapa pembeni yangu anakunja nguo. Leo nimeizima simu kabisa. Barua hii nampa Mwalimu Abeli, anayepanda treni kesho kutwa kwenda kwao Kasulu, na nimemwapisha akukabidhi mkononi.

Tafadhali isome ukiwa umekaa. Inamhusu Hana. Yu hai, anakula, anacheka, kwa hiyo usiitupe ukaanza kupiga yowe kabla hujaimaliza. Lakini macho yake yana tatizo kubwa, na tarehe kumi na saba mwezi huu anafanyiwa upasuaji. Nataka ujue mambo yalivyokwenda tangu mwanzo, kwa sababu ukifika hapa kila mtu atakuwa na hadithi yake, na nyingine zimeshaanza kupikwa.

Unakumbuka ulimleta Januari, baada ya uhamisho wako. Ulisema hutaki asome kwenye mji ambao hamjui hata jirani, afadhali akae darasani kwa mama yake mdogo. Nilijivuna mwezi mzima. Wiki ya tatu baada ya shule kufunguliwa likaja gari jeupe na maboksi ya mradi wa Darasa Angavu. Mwalimu Mkuu wetu, Bi Mwanahawa, yule mama wa Tanga niliyekusimulia, alishona kitenge kipya na kutupanga walimu mstari mmoja utafikiri tunapokea Mwenge. Tulipewa vishikwambi ishirini na vinne, hedifoni zake, na sola ya kuchajia. Darasa langu la pili lina watoto tisini na sita, kwa hiyo kila kishikwambi kilipata watoto wanne, wanapokezana. Hana nilimweka kundi moja na Priska, binti wa fundi baiskeli, mtoto mtulivu asiyesukumana na mtu.

Kijana wa mradi anaitwa Jordan. Amemaliza chuo pale Chimwaga na bado ana adabu ya mwanafunzi, akiongea na Bi Mwanahawa anaweka mikono nyuma. Alitufundisha siku mbili. Kila mtoto ana jina na picha yake ndani ya kishikwambi. Anavaa hedifoni, mashine inamsomea hadithi polepole huku maneno yakiwaka moja moja, kisha mtoto anasoma na mashine inamsikiliza. Halafu kila baada ya miezi miwili kuna mchezo wa nyota. Mtoto anaziba jicho moja, anatazama ng'ombe aliyechorwa katikati ya kioo, na nyota ikitokea popote, juu, chini au pembeni, anaigusa bila kumwacha ng'ombe. Jordan alisema wazi kwamba huo si mchezo. Ni kipimo cha macho, kwa sababu mwalimu mwenye watoto tisini na sita hawezi kugundua nani haoni. Nililiandika jambo hilo kwenye daftari langu na kulipigia mstari.

Sitaki kuvisingizia vishikwambi, dada. Vilifanya kazi. Kuna watoto walioanza mwaka wakishika kitabu juu chini, na ilipofika Pasaka walikuwa wanasoma sentensi. Mimi niliyezoea kupaza sauti mpaka koo linawaka, nikawa nazunguka tu kati ya madawati kama mama mwenye shughuli aliyepata wapishi. Na aliyewapita wote alikuwa Hana. Mtoto wako ana kumbukumbu ya baba yetu, yule aliyekuwa akitaja ng'ombe wa mtu mwingine kwa rangi na mama zao. Akisikiliza hadithi mara mbili anaitoa yote, na vituo vyake. Mashine ikawa inampa alama ya kijani kila siku. Bi Mwanahawa akamwita Profesa, na jina likamganda.

Kulikuwa na vitu vidogo. Niliviona na sikuviona. Priska alikuwa akimshika Hana kidole na kukiweka mwanzo wa mstari, na kila mstari ukiisha anakihamisha tena. Nilifurahi nikasema tazama watoto wanavyopendana. Ikifika zamu ya nyota, Hana aligusa zile za katikati vizuri, zile za pembeni akaziacha zikazimika zenyewe. Nilimwambia aache utoto.

Nyumbani aligonga bega kwenye fremu ya mlango ule ule anaoupita kila siku. Akajikwaa kwenye jiwe la kusagia. Akamkanyaga kuku, kuku ambaye hata mlevi angemwona. Mezani alikula ugali akaacha mboga iliyokuwa kushoto, nikamgombeza kwamba ameshaharibiwa na vyakula vya mjini na sasa anadharau mlenda. Hakubisha. Aligeuza kichwa, akaiona mboga, akaila yote. Nikiikumbuka ile namna alivyogeuza kichwa, dada, natamani nijipige makofi.

Mama ndiye aliyesema kwanza. Ilikuwa mwezi wa nne, Hana anavuka uwanja kutoka zizini, anatembea polepole na uso ameuinua mbele kama mtu aliyebeba mtungi. Mama aliacha kupepeta akamtazama mpaka akaingia ndani. Kisha akasema, wala si kwangu, kwa ungo wake: "Anatembea kama Sila."

Unajua jina la baba likitajwa kwa namna hiyo nyumba inavyopoa. Unakumbuka miaka yake ya mwisho, alivyokuwa akipapasa ukuta kabla hajafika sitini, na watu wakasema ametupiwa kitu na wale tulioshitakiana nao kwa ajili ya ng'ombe. Nilimjia juu mama. Nilimwambia asilete habari za kurogwa kwa mtoto mdogo, mimi ni mwalimu, nina cheti, na mtoto huyu ndiye wa kwanza darasani. Mama alitaka kumkamulia majani fulani machoni, nikakataa katakata. Angalau hilo sikulikosea. Lakini niliona kukataa majani kunatosha, kana kwamba ukimkataza mtu njia mbaya umeshamwonyesha nzuri.

Mwezi wa sita nikachaguliwa kwenda kuzungumza Chimwaga mbele ya walimu wa shule nyingine, nieleze jinsi mwalimu mmoja anavyoendesha darasa la watoto tisini na sita kwa vishikwambi ishirini na vinne. Picha nilikutumia, ukaiweka status, watu wakakupongeza kwa kuwa na mdogo msomi. Nilieleza habari za Hana bila kutaja kwamba ni wetu. Walipiga makofi. Nilirudi nyumbani naona hata barabara ya vumbi imenyooka.

Basi wageni wakasema wanataka kuja kujionea wenyewe. Walikuja Alhamisi ya tarehe ishirini na moja Agosti, watu tisa, na magari matatu. Wiki ile upepo ulikuwa umeifunika sola kwa vumbi na hakuna aliyekumbuka kupanda kuifuta, kwa hiyo chaji ilikuwa ya kusuasua. Hana alisimama mbele ya darasa na kishikwambi chake, sketi imepigwa pasi, mimi nyuma yake, Jordan pembeni, Bi Mwanahawa mlangoni na kitenge chake. Akaanza kusoma hadithi ya kanga aliyekwenda kuidai mvua. Anasoma vizuri, anapandisha sauti pale kanga anapokasirika, wageni wanatabasamu.

Alipofika katikati, kishikwambi kikazimika.

Mimi niliyekuwa nyuma yake ndiye niliyeona. Kioo kikawa cheusi, hata uso wangu ukaonekana ndani yake. Hana hakunyamaza. Kidole chake kiliendelea kutembea juu ya kioo cheusi, kikifika mwisho kinarudi mwanzo, sauti ile ile, vituo vile vile, na ukurasa ulipokwisha akasukuma kwa kidole kufungua mwingine ambao haukuwepo. Alisoma mpaka mvua ikanyesha na kanga akalowa. Wageni waliokuwa mbele waligundua mwishoni wakadhani ni mbwembwe tumeziandaa, wakapiga makofi kwa nguvu, na mama mmoja akajifuta machozi akisema hicho ni kipaji. Watoto nao wakashangilia. Nilimtazama Bi Mwanahawa nikaona hapigi makofi.

Jordan alimsogelea, akakichukua kile kishikwambi taratibu, akamwambia aendelee kutazama mbele. Kisha akanyoosha vidole vitatu upande wake wa kushoto akamuuliza ni vingapi. Hana alitabasamu, anatazama mbele kama alivyoambiwa, anasubiri. Baadaye akauliza kwa heshima: "Vidole vya nani, mwalimu?"

Kesho yake nilimpeleka hospitali mjini. Tulifikia Makole kwa Anjelina, binti wa shangazi, na usiniulize aliniambia nini, ulimi wake unaujua. Daktari wa macho alikuwa mama mtu mzima, akamshika Hana zaidi ya saa nzima na mashine zake, kisha akamtoa nje akapewe soda, akafunga mlango. Ni presha ya macho. Inaua kuona kuanzia pembeni, polepole, bila maumivu, mtoto hasemi kwa sababu hajui kwamba kuna kitu kimepungua. Jicho la kushoto limekwisha, linatambua mwanga na giza tu. La kulia linaona katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Ndiyo maana mstari ukiisha hajui wa pili uko wapi, na ndiyo maana akaamua kukariri hadithi zote. Kilichokwisha kupotea hakirudi, si kwa dawa wala kwa kisu. Upasuaji ni wa kukizuia kilichobaki kisiondoke. Nilimuuliza kama angeletwa mapema ingekuwaje. Hakunificha. Angeletwa Machi, alisema, jicho la kushoto huenda lingekuwa linaona mpaka leo.

Aliuliza pia kama kuna mtu katika ukoo aliyepofuka. Nikamweleza habari za baba, na ng'ombe, na kesi. Akatikisa kichwa akasema ugonjwa huu hutembea katika damu, na ndugu wote tupimwe. Mimi nimepimwa pale pale. Macho yangu ni mazima kabisa, na hilo nalo limenichoma. Wewe nenda kapimwe, dada, usingoje. Nilipomweleza mama, alisema tu kwamba ni miaka ishirini na miwili hatujasalimiana na watu wale.

Njiani tukirudi Hana alikuwa anatafuna karanga, akaniuliza: "Mama mdogo, kumbe watu wengine wanaona na pembeni?" Alidhani wote tunaona kama yeye. Alidhani watu wazima wanakwepa milango na kuku kwa ustadi tu, na yeye bado hajajifunza.

Sasa dada, kama umesimama, kaa.

Jumatatu Jordan alikuja shuleni peke yake. Alikuwa amefungua kumbukumbu zote za kishikwambi cha Hana, akitafuta kwa nini kipimo cha nyota hakikumgundua. Akakuta kilimgundua. Kilimgundua Machi. Kikamgundua tena Mei, na tena Julai. Mara zote tatu kilileta ujumbe kwa mwalimu wa darasa, umeandikwa kwa Kiswahili cha kueleweka, kwamba mtoto huyu apelekwe akapimwe macho. Chini yake kuna sehemu mbili za kubonyeza. Moja imeandikwa Bado, nyingine Ameshapimwa. Mara zote tatu mwalimu alibonyeza Ameshapimwa, na tarehe ipo, na saa ipo. Jordan hakunifokea. Alinionea huruma, maskini. Aliniuliza ni hospitali gani iliyompima mtoto mara tatu isione kitu, ili iwajibishwe.

Hakuna hospitali, dada. Hana hakupimwa popote. Mwalimu aliyebonyeza ni mimi.

Nitakueleza kama ilivyokuwa, si ili unionee huruma. Ukibonyeza Bado, ripoti ya mwezi haifungi. Darasa ambalo ripoti haijafunga linabaki na alama nyekundu kwenye orodha ya Bi Mwanahawa, na Bi Mwanahawa akiona nyekundu anakuja mlangoni kwako na maneno ya kwao, matamu, yanakata. Kumpeleka mtoto mjini ni kuomba ruhusa na kuwaacha watoto tisini na watano siku nzima. Machi nilisema nitampeleka mwisho wa mwezi, acha nifunge kwanza. Wewe mwenyewe ni mtu wa ofisi, unajua tunavyojaza fomu. Shule ina chumba cha huduma ya kwanza? Ndiyo. Ina uwanja wa michezo? Ndiyo. Tumejaza ndiyo miaka yote na hakuna aliyekufa, mkono umezoea. Mwisho wa mwezi ukapita. Mei nikasema likizo ya Juni, na Juni nilikuwa Chimwaga nazungumza jinsi ninavyomfahamu kila mtoto wangu.

Hizo mbili ungeweza kusema ni uvivu na sifa. Ya Julai ni mbaya zaidi, na ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Julai nilikuwa nimeshaogopa. Nilishaona bega na fremu, nilishamsikia mama, na ujumbe ulipokuja mara ya tatu nilijua ndani ya moyo wangu kwamba mtoto haoni. Lakini nilijua pia kwamba akipimwa wataniuliza kuhusu Machi na Mei. Nilikuwa ofisini, wenzangu wanakunywa chai. Nilikishika kile kishikwambi kwa muda. Kisha nikabonyeza Ameshapimwa kwa ajili yangu mimi, si kwa ajili ya ripoti. Nilichagua jina langu nikaliacha jicho la mtoto wako.

Na hata hapo sikuishia. Jordan aliponiuliza, nilimwambia nilimpeleka zahanati, kwa nesi mmoja ambaye amehama. Aliandika. Jioni ile Bi Mwanahawa alinifungia ofisini. Yeye hakudanganyika, mtu aliyefundisha miaka thelathini anamjua mwalimu anayedanganya kama anavyomjua mtoto. Alisema habari ya nesi ni nyepesi, atatafutwa. Bora tuandike kwamba ujumbe haukufika, mtandao wa huku kila mtu anaujua, na mashine haina mdomo wa kukana. Alikuwa ameshaandaa barua, ilibaki sahihi yangu. Sikatai, nilishika kalamu. Kilichonizuia si ujasiri. Nilimfikiria Jordan akifukuzwa kwa kosa lisilo lake, na kipimo cha nyota kikiondolewa kwenye shule zote kwa sababu eti hakioni, na huko kwingine yupo mtoto anageuza kichwa kutafuta mboga.

Ijumaa nilimpa Jordan maelezo ya kweli, kurasa mbili, na jina langu kamili chini. Alisoma akiwa amesimama, akakunja, akaondoka bila kuaga, na ule mwenendo wake wa adabu siku hiyo haukuwepo. Bi Mwanahawa haitikii salamu yangu. Kazi sijui kama itabaki, na sitaigombania. Mama nimemwambia jana. Hakunitukana. Alinyanyuka akaenda kulala chumba cha Hana, na tangu jana yeye ndiye anayemwogesha na kumpakulia, mimi napitishiwa sahani yangu kama mgeni.

Upasuaji ni Jumatano ya tarehe kumi na saba. Daktari alisema naweza kusaini kama mlezi, nikamwambia mama yake yupo, yeye ndiye atakayesaini. Kwa hiyo njoo, dada. Panda treni ya kwanza utakayoipata. Kama Jumanne itafika bila wewe nitasaini, kwa maana siwezi kumchelewesha mara ya nne. Baada ya hapo mtoto ni wako, ukitaka kuondoka naye sitafungua mdomo. Ukitaka kunipiga, nipige. Siombi msamaha katika barua hii, kwa sababu nikiomba utajiona unadaiwa jibu, nawe kwa sasa una la kufanya kubwa zaidi. Najuta, Frida. Nimeandika neno hilo mara moja tu kwa kuwa hata nikilijaza ukurasa mzima halitarudisha kitu.

Mama anakusalimu sana, anasema uje na shuka la kulalia wodini kwani usiku kuna baridi. Anjelina amesema mtafikia kwake Makole, chumba kipo. Majirani wote hawajambo na wanakusalimu.

Hana anakusalimu na kukupa shikamoo nyingi. Yeye ana maneno yake, ameniagiza niyaandike, nami nayaweka kama alivyosema. Ukishuka kwenye treni usimjie kwa upande, na usimwite. Wengine wote sasa anawajua kwa sauti, na amechoka. Simama mbele yake, karibu, unyamaze kidogo, umpe muda akuone.

Mdogo wako,
Emiliana